Nchi Iliyofunga Leso Moja

Mimi dunia niliijulia kwenye karatasi za bajia. Marehemu mama alikuwa akikaanga bajia nje ya nyumba yetu, Mombasa, na kazi yangu ilikuwa kukata magazeti makuukuu ya kufungia. Shule sikwenda sana. Herufi zilinichosha, lakini picha hazimchagui mtu.

Nilizozipenda ni zile za kuchekesha, nchi zimechorwa kama watu. Uingereza mara simba, mara bwana mnene mwenye koti. Marekani mzee mwembamba, ndevu za mbuzi, suruali ya mistari. Nilidhani yule bwana mnene ni mkubwa wa bandarini, nikawa namfungia bajia kwa adabu. Na nchi yetu ilikuwa mwanamke aliyefunga leso, analia, wanaume wawili wenye matumbo wanamvuta, huyu mkono huu, yule mkono ule.

Sikumwona tena mwanamke huyo mpaka mwaka huu, hapa Dubai. Nakaa na binti yangu na mumewe Al Muraqqabat, juu ya maduka. Binti anafanya kazi kiliniki Oud Metha, mkwe wangu yuko kwenye vipuri vya magari, na mimi jikoni ni pangu. Ijumaa moja baada ya chakula mjukuu wangu alikuja na simu yake, kanuna.

"Nyanya, tumeambiwa tuchore nchi zetu kama watu, kama kwenye magazeti ya zamani. Jumatatu kila mtu atasimama mbele aeleze wake. Mhindi ana mama mwenye taji. Mfaransa ana mwanamke mwenye kofia nyekundu. Tazama wangu."

Nikatazama. Alikuwa yuleyule, bado analia.

"Sisimami mbele ya watu na huyu," akasema. "Nitachora kipanga wa nembo ya hapa. Hata hivyo mimi nimezaliwa hapa."

"Umezaliwa hospitali. Wewe ni mgonjwa?"

Akacheka bila kupenda, kisha macho yakamjaa maji. Hapo nikajua si mchezo. Mtoto huyu kwao amefika mara chache, tena kwa harusi na matanga, na sasa darasa zima litamwuliza kwao ni nani, naye hana ila mwanamke wa kuvutwa mikono.

Nikamnyang'anya simu nimtazame vizuri yule mwanamke. Utotoni sikuliona jambo hili.

"Aliyechora huyu ni mwanamume," nikasema.

"Umejuaje?"

"Leso huuzwa jozi. Moja kiunoni, moja kichwani. Huyu kafungwa moja, kichwa kitupu, na huku yuko barabarani na waume wa watu! Ya pili iko wapi? Ndiyo maana analia."

"Basi simama wewe nikuchore, Nyanya."

"Mimi? Nina uzuri gani wa kuwa nchi?"

"Nchi yenyewe nzee."

"Mke mwenza wewe, una ulimi!"

Nilikataa. Kisha nikatia mafuta kwenye karai, kwa kuwa bajia zilikuwa zangojea hata hivyo, nikamwambia kama atachora, achore nikifanya kazi yangu, sigeuki geuki. Na asinitie chozi hata moja.

"Na wale wanaume wenye matumbo niwafute?"

"Usiwafute. Wapo. Lakini wakalishe chini wamenye viazi."

Alichora kidogo, akasita. "Nyanya, na wewe umefunga moja tu."

Kweli. Ile ya kichwani hujifunika yeye usiku, maana kiyoyozi cha chumbani kwake hakina huruma. Akakimbia, akaileta imekunjamana, nikajitanda. Ilikuwa na harufu ya nywele zake.

Jumatatu mchana nilikuwa mlangoni kabla ya basi la shule, ingawa nilijidai natafuta kandambili. Akaja anaruka.

"Wamecheka!"

"Wamekucheka?"

"Wamewacheka wale wa viazi. Mwalimu akauliza huyu mama ni nani, nikasema ndiye nchi yetu, na ana jikoni, na hataki mchezo."

Akanifungulia karatasi. Pua kanikuza bure, na karai limekuwa kubwa kama beseni la kuogea mtoto. Lakini nimesimama wima, nimejitanda, mwiko mkononi. Na ncha ya leso ya juu imeshuka mpaka chini, kimeishika kitoto chenye begi la shule.

Nilimwambia avue viatu, ale, kisha anirejeshee leso yangu, aliyoirudisha kitandani usiku uleule wa Ijumaa, nijitande kama watu.

Picha iko kwenye mlango wa friji. Leso bado iko kitandani kwake, nami sijaiuliza tena.