Kahawa ya Mzee Kyaruzi

Ukimtafuta Clotilda asubuhi nyumbani kwake, kule karibu na Rubya, utawakuta kuku tu. Mwenyewe keshapotelea migombani: huyu anampelekea dawa, yule anamkumbusha kliniki. Mwaka wa kumi na mbili huu ni mhudumu wa afya wa kijiji, na mdomo wake, Mungu amsamehe, haujachoka hata siku moja.

Juzi ililetwa chanjo ya mafua kwa wazee wenye vifua vibovu. Ilikuwa ya siku moja, boksi la baridi lirudi mjini jioni. Muuguzi Hellen, binti mwema lakini mwenye haraka, aliingia nyumba sita, na zote sita zikamkatalia. Ya saba ikawa ya Mzee Kyaruzi, na Clotilda akaingia naye.

Mzee akasogeza kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna ya kumkaribishia mgeni.

“Asante, niko kazini,” alisema Hellen.

Mzee akafunika kikapu, akarudisha mkono ndani ya koti.

Clotilda nusura ajizabe kofi. Alisahau vipi kumwonya? Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini kwetu mgeni hutafuna kwanza. Asiyetafuna kahawa yako anakushuku, na anayekushuku humpi mkono wako achome sindano.

Na Mzee Kyaruzi si mtu wa kuachwa hivihivi. Mwaka jana mafua yalimlaza hospitali wiki tatu. Daktari akasema kifua kile hakitastahimili mara ya pili. Ndiye aliyesimama na Clotilda alipofiwa na mume, ndugu wasimnyang'anye shamba. Anampenda kama baba.

Clotilda akapiga magoti. “Tata, nipe mimi.”

“Wewe una vidonda vya tumbo. Si ulikatazwa kahawa?”

“Nipe, waitu, nakuomba.”

Akatafuna punje tatu, polepole, jasho likimtoka. Hellen akamtazama, akaelewa, akakinga kiganja chake. Uchungu ulimkunja uso hadi mzee akacheka.

Kisha akavua koti. “Mwanangu amekula changu kinachomuumiza,” alimwambia Hellen. “Nami nipe chenu.”

Wakazirudia zile nyumba sita, safari hii Hellen akitafuna mwenyewe. Boksi likarudi tupu.

Jioni tumbo lilimkamata Clotilda kwelikweli. Mlango ukagongwa: Mzee Kyaruzi, na maziwa ya moto kwa mkono wa kulia, kwani wa kushoto ulikuwa unamuuma. Akaketi pale, hakuondoka mpaka kikombe kilipokwisha.