Kumbe Baba Mkwe Hakuninunia

Jamani, leo baba mkwe kaniitikia.

Tangu niolewe hapa Kwihara, kila asubuhi nampigia goti pale anapoota jua, macho chini. Shikamoo baba. Kimya. Nyie mngefikiriaje?

Leo kushoto kwake, ninapopigia goti siku zote, kumeanikwa mahindi, nikapiga goti kulia kwake.

"Marahaba mwanangu. Kumbe unaongea."

Mama mkwe kacheka mpaka kakaa chini.

Kumbe sikio la baba la kushoto halisikii. Ndilo lililokuwa linaelekea mashine ya kusaga miaka yake yote ya kazi. Kesho tunampeleka hospitali.

Mashine sasa anaiendesha mume wangu. Nimeenda mjini nikamnunulia vya kufunika masikio, kavivaa.

Jioni nimemwita pale mashineni aje kula, bado kavivaa. Hajageuka hata kidogo.

Nimefurahi kweli.