Jibu Lililoboreshwa

Fundi baiskeli hapa Makole akifungua gundi ya kuzibia pancha, mimi husimama nikainusa. Harufu ile ndiyo iliyokuwa ya baiskeli ya baba.

Nikiwa mwanafunzi, mwalimu alikuwa ananiandaa kwa mtihani wa kuongea Kiingereza. Akauliza: baiskeli yenu mnaitumia kufanya nini? Nikajibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba baba alimpakia mama mgonjwa kwenye keria, akamfunga mgongoni kwake kwa kanga asidondoke, wakaenda hospitali. Baba alirudi peke yake.

"Boresha," mwalimu akasema. "Mtihani hautaki msiba. Sema Jumapili mnaendesha kwa kujifurahisha, upepo unawapiga usoni."

Nikakariri. Siku ya mtihani nikasema vile vile, na msimamizi akatabasamu, eti nimejibu vizuri sana.

Baba alikuwa ananisubiri nje na baiskeli.

"Wamekuuliza nini, mwanangu?"

"Habari za baiskeli."

Akaipangusa keria kwa kiganja, taratibu. "Basi umewaambia habari za mama yako."

Nikapanda, nikakaa pale pale alipokaa mama. Upepo ukatupiga usoni njia nzima, vumbi tupu.