Mwalimu Anayengoja Kuitikiwa

Ninalowaambia hamtaliamini, na mwenyewe huyu hapa anakoroga chai yake ya karaki. Ni mwalimu wa chuo, Mtaita, anafundisha historia ya dini za Wamarekani, na dereva wake ni mimi, bingwa wa Doha nzima. Vitabu vyake huviweka kiti cha nyuma akavifunga mkanda kama watoto. Taa zikiwa nyekundu, huhubiri kwa sauti ndogo kama wachungaji weusi wa kule, ambao husema neno moja wakangoja waumini waitikie. Basi naye hunyamaza, akangoja. Namwitikia mimi, Mwislamu wa Tanga niliyeishia darasa la tano: "Ewaa!" Hapo huficha tabasamu kwa kiganja chenye wino.

Juzi mkuu wa chuo alikuja kuhesabu wanafunzi, maana darasa lisilo na watu hufungwa, na mwalimu wake hurudishwa kwao. Mwalimu akahubiri, akanyamaza, akangoja. Wallahi, ukumbi mzima, vijana mia mbili, waliitikia mpaka vioo vikatetemeka, mkuu akatoa leso, na—

"Walikuwa watatu, mjomba," akasema, kijiko bado kinazunguka. "Na wa tatu ulikuwa wewe."