Antena Uani kwa Wifi

Kwa miaka minne wifi yangu alikuwa akijua kwamba mume wangu amefika Dar kabla yangu mie niliyeolewa naye. Mume wangu ni baharia kwenye meli ndogo ya mizigo inayokwenda Mtwara na kurudi. Tulikuwa tunakaa Mbweni, kwenye vyumba viwili vya uani kwa dada yake mkubwa, mjane na karani mstaafu, mwenye nyumba ya mbele yenye vigae vyekundu na geti la umeme. Meli ikifika, simu ya kwanza ilikuwa ya dada. Mume wangu angekula mbele, angemaliza habari zote mbele, ndipo aje uani akiwa ameshiba na ana usingizi.

Siku moja nilitoka kazini, maana nafundisha fizikia sekondari, nikamkuta wifi anamwagilia maua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mumeo yupo ndani amelala tangu saa nne. Tumeona tusikusumbue shuleni."

Hilo "tumeona" nililibeba wiki nzima. Sikumlaumu mume wangu. Nilimlaumu wifi, na nilipata raha kumlaumu.

Ni mwalimu mwenzangu aliyenieleza kwamba meli hutangaza kwa redio, kila baada ya sekunde chache, jina lake na mahali ilipo, na kwamba mtu yeyote mwenye kompyuta na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB anaweza kuyasoma matangazo hayo. Kipokezi chenyewe kimetengenezwa kwa ajili ya televisheni, lakini ukipata programu zinazofaa, zile za bure ambazo watu huziandika na kuzigawa, kinageuka kuwa redio ya karibu kila kitu. Nilikiagiza. Nikachukua bomba la plastiki, nikalifungia vipande viwili vya alumini vya sentimita arobaini na sita kila kimoja, nikaisimamisha antena hiyo juu ya paa letu la uani.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, iliyoachwa na shule, nami niliiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa sababu haikuweza kubeba kitu kizito zaidi. Nilidhani nitaandika amri moja au mbili kisha nianze kuona meli. Amri ya kwanza ikanijibu kwamba kipokezi kipo, ila kimeshikwa na mwingine. Nilikichomoa na kukichomeka mpaka vidole vikauma. Siku ya pili ndipo nilipoelewa: Linux yenyewe ilikiona kipokezi, ikakidhania televisheni, ikakikabidhi kwa dereva wa televisheni, yaani programu ndogo inayoendesha vifaa vya aina hiyo, naye hakuwa tayari kukiachia. Dawa yake ni kuandika jina la dereva huyo kwenye faili la waliopigwa marufuku, kisha kuzima na kuwasha. Niliandika jina lile kwa kubonyeza herufi moja moja, kwa nguvu, kama mtu anayemwandikia adui barua ya kumfukuza.

Baada ya hapo kikanikatalia kwamba sina ruhusa. Nikaipa akaunti yangu ruhusa. Kikakubali kuwaka, lakini hakikusikia kitu. Kwenye kioo cha kompyuta niliona ukuta wa bluu, ambamo mawimbi yangepaswa kuonekana, ukiteremka taratibu, mtupu, hata stesheni za FM ambazo kila kinyozi anazisikia hazikuwemo. Niliandika swali kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa mambo hayo. Akanijibu mmoja: "Swali hili limeshajibiwa mara mia. Jifunze kusoma." Nilisoma. Nilisoma kwa hasira mpaka nikagundua kwamba kipokezi changu ni toleo jipya, na programu iliyokuja na Linux ni ya zamani, haikijui. Ilinibidi nipakue programu mpya ikiwa bado haijaundwa, niiunde mwenyewe humo humo kwenye kompyuta.

Nilikuwa katikati ya kupakua, intaneti ikakatika. Waifai ilitoka nyumba ya mbele, na tuliitumia siku zote. Nilijaribu tena, ikaniambia nywila si sahihi. Nikavaa kandambili nikaenda.

"Dada, naona nywila ya waifai imebadilika."

"Imebadilika," alisema. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. "Waifai ya nyumba hii ni ya watu wa nyumba hii."

"Nami nakaa wapi?"

"Unakaa uani."

Nilirudi nikatumia bando la simu. Programu ikaundwa, mistari ikapita kwenye kioo, mwisho ikaandika kwamba imekamilika. Nikafungua redio, ukimya ule ule. Nilikaribia kulia. Siku mbili tena zilipita kabla sijajua kwamba ndani ya kompyuta sasa kulikuwa na programu mbili, ya zamani na mpya, na kila redio ilipoita msaada, ya zamani ndiyo iliyotangulia kuitika. Niliing'oa ya zamani yote, nikaiamuru kompyuta ihesabu upya ilivyo navyo. Jumamosi asubuhi chumba kikajaa sauti ya mtangazaji akisoma matangazo ya vifo. Nilikaa kitandani nikawasikiliza marehemu wote mpaka wa mwisho, nikiwa na furaha isiyoendana na tangazo lenyewe.

Jioni hiyo hiyo nikaona meli, vinukta kwenye ramani, na kila kinukta kina jina. Niliipanga programu ya meli ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowaka.

Alhamisi moja nikaiona meli ya mume wangu ikipanda kutoka kusini. Nilipika samaki wa nazi, nikabadili nguo, nikasimama nje ya geti. Alishuka kwenye bajaji akanikuta.

"Umejuaje?" aliniuliza.

"Nimeiona redioni."

Alitabasamu, lakini alitazama kwanza barazani, na wifi alikuwa amesimama pale na kitambaa cha mezani mkononi. Meza ya mbele ilikuwa imeshaandaliwa. Tulipita pembeni tukaenda uani. Ndiyo mara pekee niliyomshinda.

Wiki hiyo hiyo geti likaanza kugoma. Rimoti ilifanya kazi tu ukiigandisha kwenye mota yenyewe. Ukiwa ndani ya gari huko nje, unabonyeza na kubonyeza, geti limenuna. Wifi akamwita fundi. Fundi akabadili betri, akafungua boksi, akalifunga, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye paa letu.

"Kuna mawimbi yanaingilia. Antena ile ya nani?"

Wifi hakuhitaji zaidi. Alikuja uani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama mlangoni.

"Uishushe leo."

"Dada, ile haitoi mawimbi. Inasikiliza tu."

"Inamsikiliza nani?" Hakusubiri jibu. "Najua. Ameniambia mwenyewe. Unamchunga mdogo wangu kama mbuzi. Huna mtoto wa kulea, sasa unalea mawaya."

Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na hospitali tatu, naye alizijua zote, maana siku moja moja alinisindikiza. Nilipanda kwenye ngazi nikaishusha antena, nikailaza chini ya kitanda. Geti liligoma siku hiyo, likagoma kesho yake, likagoma Jumamosi. Nikadhani sasa ataelewa. Nilisikia akimwambia mtu kwenye simu, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba nimeficha antena nyingine ndani.

Nikaamua kumtafuta mwenye kosa. Na ninapokumbuka, lazima niseme ukweli: ningeweza kuifanya kazi ile Jumatatu, peke yangu, kisha nikamwita nikamwonyesha taratibu. Niliichagua Jumapili baada ya ibada, kwa sababu nilijua kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, ingekuwa imekaa barazani.

Nilitoka na kompyuta mkononi, kipokezi kikiwa na antena fupi ya urefu wa kiganja. Wanakamati kama kumi hivi walikuwa wanakunywa soda. Nikafungua programu ya kuona mawimbi. Ikaniambia kipokezi kimeshikwa na mwingine.

"Mwalimu, leo kuna somo?" mzee mmoja aliuliza, wakacheka.

"Ndiyo mambo yake," wifi alisema. "Hata yeye mwenyewe hayajui."

Jasho lilinitoka. Nilikagua dereva wa televisheni, bado alikuwa kwenye marufuku. Nilichomoa, nikachomeka, wapi. Kisha nikakumbuka programu ya meli, ile niliyoiamuru ijiwashe yenyewe. Ndiyo iliyokuwa imekishika tangu asubuhi. Nikaizima. Ukuta wa bluu ukaanza kuteremka.

Nilimwomba yule mzee abonyeze rimoti ya geti. Kikatokea kistari chembamba, kifupi, kwenye masafa ya mawimbi yanayotumiwa na rimoti. Lakini kilizama ndani ya doa pana la manjano ambalo halikuondoka hata alipoacha kubonyeza. Nikatembea. Kwenye geti doa lilipauka. Nilipogeuka kuelekea barazani likanenepa. Nikapita katikati ya viti vyao, nikasimama kwenye nguzo, na hapo lilijaa kioo kizima. Kwenye nguzo kulikuwa na kiboksi cheupe cha zile taa za rangi zinazobadilishwa kwa rimoti, alizozitundika kwa ajili ya sendofu. Zilikuwa zimezimwa kwa rimoti yake, lakini kiboksi kilikuwa kimechomekwa ukutani mchana na usiku, kikisubiri kuamriwa, na kilikuwa kinavuma pale pale linaposikilizia geti.

"Zima soketi," nilimwambia binti yake. Binti alimtazama mama yake, hakusogea. Nikaizima mwenyewe. Doa likatoweka. Mzee akabonyeza rimoti akiwa amekaa kwenye kiti, chupa ya soda mkono mwingine, na geti likafunguka lote mpaka mwisho.

Nikaiwasha soketi, akabonyeza, geti halikusogea. Nikaizima, akabonyeza, likajifunga.

"Umekuja kuniumbua mbele ya wageni wangu," wifi alisema.

"Nimekuja kukuonyesha ni nani aliyeliharibu geti lako."

"Ulishindwa kuniita pembeni?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Nilikuwa na haki, na mashahidi wangu walikuwa kumi. Badala yake nikasema, "Mwache mume wangu arudi kwake, dada. Wako ulishamzika."

Mama mmoja wa kamati aliweka chupa chini. Wifi alinitazama, uso wake umekuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Binti yake akaniambia kwa sauti ndogo, "Ondoka hapa barazani."

Tangu siku hiyo hakuna aliyezungumzia taa. Ndugu walipopigiana simu, walipigiana kuhusu maneno yangu. Mume wangu alirudi baada ya siku nane, na alikuwa ameshayasikia akiwa Mtwara. Hakupandisha sauti.

"Kuhusu geti nimeelewa," alisema. "Ila lile neno, mke wangu, hata mie limenikata."

"Na neno alilonisema yeye?"

"Lipi?"

Nikamwambia. Akasema atazungumza naye. Sijui kama alizungumza.

Nilikwenda kumwomba radhi wifi. Nilipiga magoti, nikasema neno lile halikupaswa kutoka kinywani mwangu, na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimelikumbuka kaburi la mumewe na namna alivyoshikwa mikono miwili asianguke. Sikuomba radhi kwa antena. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Basi hizo radhi zako kazitangaze kwenye redio yako."

Mwezi uliofuata tulihamia Kigamboni, vyumba vitatu vya kupanga, karibu na njia ya meli kiasi kwamba honi zake tunazisikia ndani. Siku ya kuhama wifi hakutoka nje. Mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo kilichobeba vyombo vyetu, alituomba tuhakikishe hatujasahau kitu, nikapita uani mara mbili, nikaona pazia la jikoni la nyumba ya mbele likitikisika, nikaondoka bila kuaga.

Kadi ya sendofu ililetwa na mfanyakazi mwenza wa mume wangu. Ilikuwa ya singo, yaani ya mtu mmoja. Jina la mume wangu liliandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani, na chini yake hakuna lingine. Aliigeuza geuza, akasema labda wamekosea.

"Hawajakosea," nilisema.

"Nisiende?"

"Ni mtoto wa dada yako. Nenda."

Nilimpigia pasi shati lake jeupe, nikampa kanga mbili mpya za kumfunga binti kama zawadi kwa niaba ya nyumba yetu. Alizitazama, akaziweka kwenye mfuko wa karatasi, akaondoka saa kumi ili awahi foleni ya kivukoni. Aliporudi alikuwa nazo bado, zikiwa kwenye mfuko ule ule, mikunjo yake haijaguswa. Aliuweka mfuko juu ya kabati.