Foki ya Springi

Kila Oktoba, sisi waendesha baiskeli za milimani wa mji wa Fairfax hupanga baiskeli zetu kuukuu kwenye uwanja wa kanisa, na fundi wa mtaani kwetu hutuambia ipi ni ya kale ya kuheshimiwa na ipi ni chakavu tu. Hakuna aliyemchagua. Huja na kiti chake, huipindua kila baiskeli magurudumu juu, hulowesha kidole gumba kwa mate, husugua tope tumboni mwa fremu mpaka namba ya kiwandani ijitokeze, kisha huisoma kwa kuipapasa, amefumba macho, kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. Kwake, baiskeli yenye springi haihesabiwi kuwa ya kale. “Springi ni godoro,” husema. “Anayetaka kulala abaki nyumbani.”

Mwaka huu Delphine, mpeleka barua mstaafu, alileta yake ya mwaka themanini na saba. Fundi akapapasa namba, akatabasamu, kisha akaiona foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina springi. “Mama, nani kakuharibia baiskeli namna hii?” Delphine akamwambia asugue ubavuni mwa foki. Akasugua. Ikatokea pembetatu ndogo iliyokwaruzwa kwa msumari, alama ambayo fundi mwenyewe huiweka kwenye kila kazi yake. “Miaka thelathini sasa tangu unifungie hii,” Delphine akasema. “Foki yangu ya kwanza, isiyo na springi, ulinishauri niitupe. Ulisema ni ya wazee.” Kidole gumba kikabaki palepale. Fundi akakohoa, akaigeuza baiskeli taratibu, akaipeleka mwenyewe safu ya mbele, zinakopangwa za kale. “Ya kale,” akatangaza. “Na foki imefungwa vizuri sana.”