Maulidi ya Bi Ummukulthum

Kinu cha iliki hakisikiki tena katika kichochoro chetu cha Kuze. Kila baada ya sala ya alfajiri, Bi Ummukulthum alikuwa akitwanga iliki za mahamri ya kuuza, nasi majirani tukiamka kwa mdundo ule kabla ya harufu kutufikia.

Uvimbe ulimtoka chini ya koo, mdogo kama tunda la kunazi. Fadhiya, bintiye, akampeleka hospitali. Daktari Beryl akamtoa damu ya kupima homoni za tezi ya shingo, akamwambia wazi: "Mama, damu itatuonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa. Haitasema uvimbe wenyewe ni wa nini. Kwa hilo utarudi nikuchome sindano nyembamba, nivute chembe zikaangaliwe maabara."

Bi Ummukulthum alishika lile la damu tu. Akaweka nadhiri: ikitoka salama, atasomesha maulidi nyumbani kwake.

Ikatoka salama. Wanawake wakajaa ukumbini, udi ukafuka. Khairiya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamshika kidevu.

"Haya shoga, shingo hiyo sasa ni ya kidani! Mwambie mumeo atoe dhahabu."

"Zein huyu? Labda anivishe tasbihi yake!"

Wakacheka hadi wakafutana machozi.

Wageni walipotoka, Fadhiya akamkumbusha sindano.

"Mwanangu, nimemshukuru Mungu mbele za watu, na pilau wamekula. Nirudi nimwambie sikukuamini?"

"Mama, sindano si kukosa imani."

"Ni nini basi?"

Fadhiya alikusanya sahani.

Kunazi likawa ndimu. Sauti ikakwaruza, kisha ikakauka, akawa anawaita wateja kwa kugonga sinia. Siku alipokubali sindano, mwaka ulikuwa umekwisha. Chembe zilikuwa za saratani, na picha zikaonyesha imekwisha kuingia mapafuni.

"Damu ile ilinidanganya?" alimnong'oneza daktari.

"Hapana, mama. Ilijibu ilichoulizwa."

Njiani kurudi, Bi Ummukulthum akamvuta Fadhiya karibu na mdomo wake.

"Usimwambie Khairiya kwamba damu ile haikupima uvimbe. Atakijutia kile kicheko chake."

Kinu amekichukua Fadhiya, kiko kwake Tononoka, hakitwangi kitu. Bi Ummukulthum amezikwa makaburini Kikowani, kando ya mamake.